Joto la Mabaki: Kushona Nyumbani Miezi ya Baridi Ngara na Biharamulo

Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikishakatika na maharage yakishaingia ghalani, usiku wa Ngara huwa na baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam haamini mpaka alale huko. Vilima vya Ngara vinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata Ziwa Victoria, lililo chini ya Biharamulo, liko mita 1,134. Anga la kiangazi halina mawingu ya kuzuia joto la mchana lisipotee, na nyumba zetu nyingi sasa zimeezekwa kwa bati, nazo hazina dari. Bati linapoa mara jua linapozama. Mtoto aliyejifunika vibaya anaamka saa kumi usiku akitetemeka, na babu anakaa na koti lake mpaka saa nne asubuhi.

Bahati nzuri, miezi hiyohiyo ndiyo yenye nafasi. Palizi hakuna. Kahawa iko kwenye vichanja, na jioni mtu anaweza kukaa na sindano mkononi bila kuonekana ameacha kazi. Wakati huohuo, kwenye vibaraza vya mafundi cherehani, iwe Kabanga, Rulenge, Benaco, Nyakahura au Biharamulo mjini, mabaki ya vitenge yanafagiliwa kila siku, na mengi huishia motoni. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu rundo la mabaki linalochomwa kwa wiki moja linatosha blanketi la mtoto.

Makala haya ni ya mtu mwenye sindano, mkasi na mabaki, awe na cherehani au asiwe nayo. Ushauri wangu ni kuanza na vitu vidogo, na kila kimoja kikufundishe jambo utakalolihitaji kwenye kile kinachofuata. Anayeanza na blanketi la kitanda cha futi tano kwa sita huliacha njiani, likakaa ndani ya mfuko mpaka panya walimalize.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe. Kitambaa hakitoi joto. Joto ni la mwili wako. Kazi ya blanketi ni kulizuia lisikimbie, na kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na kati ya tabaka moja na jingine. Ndiyo maana mashuka mawili mepesi yaliyopandana yanaweza kushinda moja zito la bei kubwa. Mshono unaopita katika matabaka yote una kazi ya kushika ujazo usikimbilie pembeni, ili hewa ibaki imesambaa sawasawa. Ukishona mistari iliyobanana mno, unaigandamiza hewa hiyo na blanketi linakuwa gumu na baridi. Ukiiachia mno, ujazo unajikusanya upande mmoja baada ya kufuliwa mara mbili.

Sasa vitambaa. Nenda kwa fundi wako jioni, umsalimie, uombe mabaki kabla hajafagia. Wengi watakupa bure. Ukienda na mfuko wa mahindi mabichi au mkungu mdogo wa ndizi, atakutengea hata vile vipande virefu. Nyumbani vichambue. Pamba ikae peke yake na polista peke yake, maana vinafanana kwa macho na kutofautiana kwa tabia. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uusogeze kwenye kiberiti. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini. Polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Nyumba inayopikia kuni haipaswi kuwa na polista karibu na moto, na kwenye kitu cha kushikia sufuria isiwepo kabisa, kwa sababu ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi.

Kisha fua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na kinarudi kikipata maji. Ukikiunganisha na khanga iliyokwishafuliwa miaka mitano, siku ya kwanza ya kufua kimoja kitajivuta na kingine kitabaki, na kazi yako itajikunja kila mahali. Vyekundu na vya buluu iliyokolea viloweke peke yake, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Anika, piga pasi, ndipo ushike mkasi.

Kazi ya kwanza iwe kishikio cha sufuria. Kata miraba minne ya sentimita 20, miwili ya kitenge cha pamba na miwili ya kitu kizito cha kuweka katikati. Kwa katikati hakuna kinachoshinda sweta ya sufu halisi kutoka kwenye mtumba. Sweta hiyo ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua kwa nguvu inajivuta, inakuwa nene na kushikamana, haichomoki nyuzi hata ukiikata vipi. Isipopatikana, taulo kuukuu au jinzi inatosha. Panga vitenge viwili uso kwa uso, juu yake weka vile vizito, shona pande zote sentimita moja kutoka ukingoni, ukiacha nafasi ya vidole vinne. Punguza ncha za kona kwa mkasi bila kugusa mshono, kisha geuza. Kona isipopunguzwa itatokea nene na duara. Ziba nafasi kwa mkono, halafu shona mistari miwili kutoka kona hadi kona ili matabaka yasitembee. Weka kitanzi cha kutundikia. Mwonye kila atakayekitumia kwamba kishikio kilicholowa hakifai, maana maji hupitisha joto upesi na mkono utaungua.

Kazi ya pili ni ya mlangoni. Mguu mmoja wa suruali ya jinzi iliyochoka magoti unatosha. Shona upande mmoja mara mbili, jaza maranda ya fundi seremala au mchanga mkavu uliochekechwa, ziba upande wa pili, uulaze chini ya mlango. Upepo wa alfajiri unakatika, na kwa wanaokaa kandokando ya barabara ya malori yanayokwenda Rusumo, vumbi nalo linapungua. Kazi yenyewe haina ufundi wa kusimulia, lakini wazee wakilala chumba hicho watakushukuru usiku huohuo.

Ya tatu nataka tukae nayo, kwa sababu inagusa kuni, na kuni ndizo mzigo mzito kuliko yote mgongoni mwa wanawake wa wilaya hizi. Ni jiko kapu. Sufuria iliyochemka inawekwa ndani ya kapu lililozungushiwa ujazo mzito, inafunikwa kwa mto, na chakula kinaendelea kuiva chenyewe bila moto. Kanuni ni ileile ya blanketi: hewa iliyotulia inazuia joto lisitoke.

Tafuta tenga au kapu ambalo sufuria yako ikikaa katikati, kila upande unabaki na nafasi ya kiganja kizima. Tandika gunia kuukuu kwa ndani, kisha jaza majani makavu ya migomba chini na pembeni, uyashindilie kidogo tu. Majani hayo tunayo tele, na yakiwa makavu kabisa yanashika hewa vizuri. Juu yake linakuja bitana la kitambaa cha pamba, na hapo ndipo kazi ya kushona ilipo. Pima mzingo wa sufuria kwa kamba, uongeze vidole vinne. Huo ndio urefu wa kipande cha ukuta; kimo chake kiwe kimo cha sufuria na kiganja kimoja zaidi. Kata duara la chini kwa kufuata kitako cha sufuria, ukiacha sentimita mbili za ziada kuzunguka. Unganisha ukuta na duara, upate mfuko. Kabla ya kushona duara, likunje mara mbili upate robo nne, utie chaki penye mikunjo. Fanya vilevile kwenye ukuta, kisha bana alama kwa alama kwa pini. Anayeshona duara bila alama hujikuta mwishoni ana kitambaa kimebaki upande mmoja.

Mto wa kufunika ndio wenye siri. Uwe mpana kuliko mdomo wa kapu kwa kiganja kila upande, na uwe mzito. Ujazwe sufi, pamba, au vipande vidogovidogo vya mabaki yale ya polista uliyoyatenga, ila upande unaogusa mfuniko uwe pamba tupu na uwe na tabaka mbili. Wakulima wa pamba wa Biharamulo wana nafasi nzuri hapa: pamba chafu isiyouzika inafaa sana, mradi mbegu zote zitolewe, la sivyo panya wataufumua mto kwa ajili ya mbegu. Pitisha sindano ndefu katikati ya mto sehemu tano au sita, ufunge fundo kila mahali, ujazo usitembee.

Matumizi yake yanahitaji uangalifu. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uyachemshe kwa nguvu katika maji mapya kwa nusu saa. Usikatishe hapo, kwa kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo vibaya, nayo huondolewa na mchemko kamili wa angalau dakika 10. Joto la vuguvugu haliiwezi. Baada ya hapo futa masizi, ingiza sufuria kapuni pamoja na mfuniko wake, funika, na usichungulie. Rudi baada ya saa tatu. Yachemshe tena kabla ya kula. Mchele unahitaji dakika chache za mchemko na kama saa moja ya kapu. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu nusu sufuria inapoa mapema.

Mkono ukishazoea, nenda kwenye blanketi la khanga. Kwa maoni yangu ndilo linalotufaa kuliko yote, maana halihitaji cherehani wala ujazo wa kununua. Wanawake wa Bengal, kule India na Bangladesh, wamefanya hivi kwa vizazi vingi: huchukua sari zilizochakaa, wakazipanga tabaka juu ya tabaka, wakazishona kwa mshono mwepesi wa kwenda mbele mpaka zikawa kitu kimoja. Kitu hicho hukiita kantha. Sisi tuna khanga, nazo ni pamba nyembamba iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa. Nani hana doti mbili zilizochanika kabatini?

Chukua khanga nne. Zilizochakaa zaidi zilale katikati, zenye rangi nzuri zikae juu na chini. Zitandaze juu ya mkeka, uzivute kila kona bila kuzinyoosha kwa nguvu, ukate zilingane. Piga bandi, yaani mishono mikubwa ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti, kutoka katikati kwenda nje, mistari ikipishana kwa shubiri moja. Anayeanzia pembeni anasukuma makunyanzi yote katikati, na hayatoki tena.

Mshono wenyewe ni rahisi ila unadai utulivu. Kata uzi usiozidi urefu wa mkono kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Mrefu zaidi utajisokota. Upitishe kwenye nta ya nyuki, ambayo warina asali wa misitu ya Biharamulo wanayo, nao utateleza na kudumu. Funga fundo dogo, ingiza sindano kwenye tabaka la juu kwa mbali kidogo na pale unapotaka kuanzia, kisha vuta polepole mpaka fundo lizame ndani. Utasikia mlio mdogo likipenya. Mkono wa kushoto ukae chini ya blanketi, ncha ya kidole ikipokea sindano kila inapotokea; mkono wa kulia unaisukuma kwa subana, au kwa kipande cha ngozi ulichokivalisha kidole cha kati. Chukua mishono mitatu au minne kwenye sindano kabla ya kuvuta. Kila mshono uwe kama punje ya mchele, na mstari na mstari vitenganishwe na vidole viwili. Usivute uzi mpaka kitambaa kikunjamane. Ukifika mwisho wa uzi, rudisha sindano ndani ya matabaka, itokee mbali, kata.

Kazi hii ni nzuri zaidi mkiwa wengi. Wanawake wanaokutana kwa ajili ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanaweza kukaa wanne, kila mmoja upande wake wa mkeka, wakashona huku mazungumzo yanaendelea, na blanketi likahamia kwa mwingine wiki inayofuata. Pindo limalizie kwa ukanda wa kitenge wenye upana wa sentimita 8, uliokunjwa katikati na kuvalishwa ukingo mzima.

Mwisho ni blanketi la viraka la mtoto, ambalo cherehani inalirahisisha. Kata kiolezo cha boksi chenye sentimita 14 kila upande. Chora kwa chaki ukifuata uelekeo wa nyuzi, maana kipande kilichokatwa mshazari kitavutika. Unahitaji vipande 49, saba kwa saba. Mshono wa sentimita moja kila upande unaacha kiraka cha sentimita 12, kwa hiyo blanketi, pamoja na kingo za nje ambazo hazijashonwa, litakuwa na sentimita 86 kabla ya pindo. Panga vyote sakafuni kwanza, uviangalie kutoka mbali, ubadilishe vinavyogombana. Unganisha safu moja moja. Mikunjo ya safu ya kwanza ipige pasi ielekee kulia, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo; unapounganisha safu, mikunjo inaingiana na kona zinakutana bila kulazimishwa. Sindano namba 14 inatosha vitenge, namba 16 kama umetia jinzi.

Kona zikipishana kidogo, endelea. Mwaka 2002 mablanketi ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kwenye kona ya mto Alabama huko Marekani, yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha katika makumbusho ya Whitney mjini New York, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za nchi hiyo. Waliyashona kwa nguo za shamba zilizochakaa kwa sababu nyumba zao zilipitisha baridi. Mistari yake haijanyooka, na uzuri wake uko humohumo.

Katikati ya viraka na kitambaa cha chini weka blanketi lililochakaa. Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa thamani ya blanketi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa, na blanketi zikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kugawiwa. Blanketi lililotoboka bado lina sehemu nzima. Zikate, uzipange zigusane bila kupandana, uzishike kwa bandi. Shona juu ya mistari ya viraka, na utakuwa umemaliza. Usitie vifungo wala lastiki. Mtoto mchanga asilazwe na kitu kizito kinachoweza kumfunika uso. Blanketi hili litumike akiwa mgongoni asubuhi au mikononi mwa mtu, na akishatimiza mwaka alale nalo.

Mabaki yatakayobaki bado yana kazi. Kwa wasichana wa shule, shona vitambaa vya hedhi: pamba laini inayogusa mwili, tabaka tatu za fulana au taulo kuukuu katikati, na chini kipande cha kitambaa cha mwavuli mbovu cha kuzuia maji, pamoja na mabawa mawili yenye kishikizo. Vifuliwe kwa maji baridi na sabuni, vianikwe juani waziwazi mpaka vikauke kabisa. Kuvificha chini ya godoro vikiwa na unyevu kunaleta maradhi, na mama asione haya kumwambia binti yake hivyo. Msichana apewe vitano au sita, na mfuko wenye zipu wa kubebea.

Wengine wataniuliza kuhusu kuuza. Uza, lakini anza na vishikio na majiko kapu, vinavyokamilika kwa siku moja. Blanketi la mkono linakula majuma, na gulioni atatokea mtu akupe bei ya shuka la mtumba. Wape wako kwanza. Anayelitaka kweli ataliona kwako, akuagize, atangulize pesa ya uzi.

Cherehani ya miguu itie mafuta kila wiki miezi hii na uifunike usiku, kwa kuwa vumbi la kiangazi linakaza mashine upesi. Mablanketi yafue kabla ya mwisho wa Agosti, jua likiwa bado kali, kwa sababu tabaka nne za pamba zinachukua siku nzima kukauka. Yageuze mara kwa mara kwenye kamba, uyakunje yakiwa makavu mpaka ndani, uyaweke darini kama unayo, au sandukuni mbali na sakafu, na mwarobaini mkavu katikati ya mikunjo. Mvua za Septemba zikianza, kilichowekwa na unyevu kitaota ukungu.